Kunyoa malaika za usoni ili sura iwe ya kiume zaidi

Swali, kutoka Mikindani:
Ndugu zangu, mashavuni na juu ya mdomo nina malaika tu, laini mithili ya vumbi la unga, na wateja wanaofika dukani hunidhania mtoto wa shule. Sitaki kutumia homoni. Je, nikinyoa kwa wembe kila wiki, ndevu zitakuwa nene?

Jibu la kwanza:
Hazitakuwa nene, mdogo wangu, kwa sababu wembe hukata unywele juu ya ngozi tu wala haufiki kwenye shina lake. Ule ukwaruzaji unaousikia baada ya siku mbili ni ncha iliyokatwa butu, ambayo mwanzoni ilikuwa imechongoka. Hata hivyo nyoa, maana malaika hizo hunasa mwanga na kuufanya uso uonekane wa kitoto, na zikiondoka taya hujitokeza.

Jibu la pili:
Mimi ni kinyozi hapa Lindi mjini. Mwambie anayekunyoa akate sharafa kwa mstari ulionyooka na asiguse nyusi, kwani nyusi nene husaidia kuliko wembe. Lainisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, nyoa kwa kufuata uelekeo wa nywele ili usipate vipele, na (hili nalisisitiza) usiazime wembe wa mtu.

Muulizaji:
Nilinyoa jana. Jasho la mchana liliniwasha mpaka nikajuta, lakini asubuhi hii mama mmoja aliyefuata chumvi ameniita “kaka” badala ya “mwanangu”.