Kijana anaripoti Moi Barracks wiki tatu zijazo: sisi wazazi tufanye nini?

Mama Kayole
Wadau, habari za jioni. Kijana wetu wa miaka 20 amepata barua ya KDF, jeshi la ulinzi la Kenya, anatakiwa kuripoti shule ya makurutu ya Moi Barracks kule Eldoret baada ya wiki tatu. Kila alfajiri anakimbia kwenye lami ya Kangundo Road na raba zilizoisha soli, mgongoni kabeba begi la shule lililojaa matofali. Jioni analalamika miundi inamuuma. Babake anasema aachwe azoee maumivu, jeshi si mchezo. Naomba mnielekeze: aendelee na mazoezi gani, nimnunulie nini, na akishaingia huko tunawasiliana vipi? Halafu kuna mtu amepiga simu, anasema kwa elfu kumi atamtafutia kitengo kizuri.

Kocha_Eastlands
Mama, matofali yatoke leo. Tofali lina kona na linacheza ndani ya begi. Kila hatua linamvuta mabega nyuma, naye anainama mbele ili asianguke, kishindo chote kinaishia kwenye kiuno na miundi. Akitaka kubeba mzigo, chukua pakiti mbili za unga za kilo 2, zifunge pamoja kwa taulo, zikae juu kati ya mabega wala si chini kiunoni. Mikanda ikazwe mpaka begi lisipige mgongo. Hizo ni kilo 4. Aongeze pakiti moja kila wiki, inatosha. Na atembee nazo kwa haraka, asikimbie.

Sasa miundi. Baba mtu naye asome hapa. Mfupa ukianza kupata kazi mpya, mwili kwanza unaondoa sehemu iliyochoka ndipo unajaza mpya, na kujaza kunachukua muda mrefu kuliko kuondoa. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hajaanza mazoezi, na ndipo nyufa ndogo zinapoingia. Mwambie akae, apitishe kidole polepole kwenye ukingo wa mfupa kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Maumivu yakiwa yametandaa urefu wa kiganja au zaidi, na yanapungua akishapata joto, hiyo kwa kawaida ni misuli na utando wa mfupa. Yakiwa mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, na akiruka kwa mguu huo mmoja anashtuka, huo unaweza kuwa ufa. Asikimbie tena, aende hospitali. Mjue pia kwamba picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa wa aina hii. Picha kuwa safi si ruhusa ya kurudi barabarani kama maumivu bado yapo.

Ikiwa ni ule wa kutandaa: siku nne au tano asikimbie kabisa. Baada ya hapo siku moja akimbie, inayofuata apumzike, kilomita 3 hadi 5, kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza bila kuhema. Atafute njia ya udongo badala ya lami. (Msitu wa Karura ni pazuri ila kuna kiingilio, na kutoka Kayole nauli nayo ni hesabu nyingine. Uwanja wowote wa shule unatosha.) Wiki ya mwisho apunguze hadi nusu. Wiki tatu hazitoshi kujenga pumzi mpya; zinatosha kabisa kumharibu mguu. Pushapu, tumbo na kuning'inia kwenye mwamba wa juu wa goli aendelee nazo, hizo hazigusi muundi. Asimeze dawa ya maumivu ndipo akimbie, maana itaficha ile dalili anayopaswa kuisikia.

Fundi_wa_Buti
Kocha amemaliza miundi, mimi nakaa miguuni. Buti za jeshi atapewa hukohuko. Usimnunulie za madoadoa wala buti za kijeshi za Gikomba; raia kupatikana na sare ya jeshi ni kesi. Mtafutie buti za kawaida za kazi, za ngozi, za kufunga kamba, zinazopita kifundo, zisizo na chuma mbele. Azijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa na soksi atakazovaa. Akisimama, kidole kirefu kisiguse mbele, na kisigino kisipande akipiga hatua. Avae nyumbani kwanza, kisha akitembea na ule mzigo wa unga. Kukimbia abaki na raba, lakini zile zilizoisha zitupwe.

Lengelenge linaletwa na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Ondoa kimoja tu, limeshindwa. Soksi nyembamba ya nailoni ndani, nene juu yake, ili soksi zisuguane zenyewe badala ya ngozi. Akihisi mahali panaungua, asimame hapo hapo abandike plasta ya kitambaa, bila kukunjamana. Likishajaa maji na lina shinikizo, aoshe kwa sabuni, atoboe pembeni kwa sindano safi, akamue taratibu, ngozi ya juu aiache. Wengi wanaibandua, na hapo ndipo bakteria wanapoingia. Kucha zikatwe mraba, na zikatwe siku kadhaa kabla ya kuripoti, siyo usiku wa safari.

Mstaafu_Langata
Mama, huyo wa elfu kumi ni tapeli. Kuandikishwa KDF ni bure, na kutoa hongo ni kosa kwa mtoaji pia. Mara kwa mara vijana wanafika lango la Eldoret na barua bandia walizouziwa, wanaishia mikononi mwa polisi. Kama barua ya kijana ilipitia kwa mtu badala ya kukabidhiwa na maafisa, ipelekeni ithibitishwe Ulinzi House, makao makuu ya jeshi, Hurlingham, kabla hajakata tiketi.

Vitu vya kubeba ni vile vilivyoandikwa kwenye barua. Usiongeze blanketi wala mitungi ya achari. Kitambulisho na vyeti halisi viwe kwenye bahasha isiyoingia maji, nakala mbaki nazo nyumbani. Asafiri siku moja kabla. Eldoret iko juu ya mita 2,000, pumzi haitampa shida mtu wa Nairobi, lakini alfajiri kuna baridi.

Simu ndiyo inasahaulika. Msitarajie kijana awe nayo mkononi. Kabla ya kuondoka alipe Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mikopo yote ya simu, kwa sababu ada inazidi kupanda yeye akiwa kwenye kwata. Laini isiyotumika kwa miezi inafungwa na nambari kupewa mtu mwingine, na nambari hiyo ndiyo inapokea namba za uthibitisho za benki na za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Iweke kwenye kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, nyumbani, itiwe kredo na ipige simu mara moja moja. PIN abaki nayo mwenyewe.

Na mjiandae kwa simu ya pili ya tapeli: "Mtoto wako ameanguka mazoezini, tuma pesa ya upasuaji." Kurutu anatibiwa na jeshi. Hakuna afande anayechangisha M-Pesa kwa mzazi. Kateni.

Mama Pipeline
Na sisi wenye mabinti? Wangu anaripoti hapo hapo, ni mwembamba na anachoka upesi.

Nesi_Huruma
Mpeleke akapimwe damu wiki hii, hemoglobini na kama inawezekana akiba ya madini ya chuma. Msichana anaweza kuwa na damu ya kutosha kwenye kipimo cha kwanza na akiba ikawa imeisha, na mazoezi mazito yanamaliza kilichobaki. Nyumbani: maini mara moja kwa wiki, omena, ndengu, maharagwe, managu, pamoja na chungwa au limau kwenye mlo uleule. Chai ndiyo adui hapa. Ukinywa chai na ndengu, sehemu kubwa ya chuma haifyonzwi, kwa hiyo chai ikae saa moja au mbili mbali na chakula. Vidonge vya chuma asianze bila kipimo.

Asipunguze kula ili "awe mwepesi". Msichana akifanya mazoezi mengi na kula kidogo hedhi inaweza kukatika, na mifupa nayo inaanza kupoteza nguvu. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, aseme kwa daktari wa kambi.

Na hili ni kwa wote wawili: baada ya zoezi zito, mkojo ukiwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na misuli imevimba na kuuma kupita kiasi, asisubiri asubuhi. Misuli inavunjika na figo zinaweza kuzibwa. Vilevile asifakamie maji lita juu ya lita. Maji mengi mno kwa mpigo yanapunguza chumvi ya damu, na dalili zake za kichwa na kichefuchefu zinafanana na za kiu, ndiyo maana mtu anazidi kunywa.

Mama Kayole
Asanteni sana. Matofali yamerudi kwa jirani. Swali la mwisho: nyanya yake ni mgonjwa sana. Ikitokea msiba, tunamfikia vipi?

Mstaafu_Langata
Pole, mama. Msimwandikie kwenye barua ya kawaida, na msimtume kurutu mwenzake ambebee. Habari ipite kwa uongozi wa shule, ambao huwa na kasisi na imamu wa kumketisha chini. Andikeni kwenye karatasi moja mapema: majina yake kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari yake ya kurutu akishapewa, uhusiano wake na nyanya, na simu za watu wawili wa nyumbani. Tarehe na mahali pa mazishi mtajaza siku hiyo. Ruhusa ni ya kamanda, na nyanya hahesabiwi kila mara kama mzazi; kama ndiye aliyemlea, elezeni hivyo mstari wa kwanza. Na mzungumzeni na kijana kabla hajaondoka, mkubaliane kama anataka kuambiwa mara moja au mngoje gwaride la kufuzu.