Fulana za GPS au kamera: timu ianze na kipi?

Mwalimu wa Njiro: Habari za jioni, wadau. Uongozi umenitaka nilete pendekezo kabla ya Jumamosi: tununue fulana za GPS (zenye kifaa kinachofuatilia mchezaji yuko wapi na amekimbia kiasi gani) au kamera ya kurekodi mechi. Naomba ushauri.

Beki wa Pasua: Mwalimu, hujataja umri wa wachezaji, kiasi cha fedha, wala unachotaka kukipima. Fulana itakuonyesha beki amekimbia kilomita ngapi, lakini kwa nini hakuwepo mahali pake bao lilipoingia, hilo utaliona kwenye picha.

Mtunza Takwimu: Mimi nasimama na fulana. Tangu 2015 vifaa hivi vinaruhusiwa hata katika mechi za mashindano, waandaaji wakiridhia, na vingi husoma alipo mchezaji mara 10 kwa sekunde. Kwa macho matupu ni vigumu kumtofautisha aliyechoka na anayetega.

Kocha wa Majengo: Yaliyotupata hapa Moshi yasikupate. Tulichangishana tukanunua fulana 12 za mtumba, bila kuambiwa kwamba programu ya kusomea takwimu hulipiwa kila mwaka. Muda ulipokwisha, kumbukumbu zote zikafungwa, tukabaki na daftari nililokuwa nikinakili kila jioni. Hata hilo halikufaa, kwa sababu vijana walikuwa wakibadilishana vifaa wakati wa kuvaa. Siku moja golikipa alisomeka amekimbia kilomita 9.

Mtunza Takwimu: Pole sana, kocha, ila hayo ni makosa ya manunuzi na usimamizi.

Mama Kiungo: Kama ni kupima uchovu, bila fulana inawezekana. Jaribio la yo-yo la Jens Bangsbo, mtaalamu wa sayansi ya michezo wa Denmark, hupima stamina na linataka koni, futi ya kupimia na spika ya kutoa milio tu: mita 20 kwenda, 20 kurudi, sekunde 10 za kupumzika, na kasi inaongezeka.

Beki wa Pasua: Ila matokeo ya Arusha alipo mwalimu, iliyo zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, yasilinganishwe na ya Moshi, iliyo chini ya 1,000.

Mama Kiungo: Kijana hulinganishwa na matokeo yake mwenyewe, kwenye uwanja uleule.

Mwalimu wa Njiro: Samahani kwa kuchelewa. Vijana ni 22, wa miaka 15 hadi 17. Tuna shilingi milioni mbili, na mabao mengi tunafungwa dakika 15 za mwisho.

Mtunza Takwimu: Huo ni uchovu, na fulana ndiyo itakayouthibitisha.

Kocha wa Majengo: Au mabeki wanaacha nafasi zao. Jumamosi mnacheza wapi? Nina stendi ya simu ya kuwaazima, mrekodi mechi kwa simu.