Njiwa amerudi mwenyewe kutoka Kibaigwa, amejuaje njia?

Mfuga njiwa, Chang'ombe Dodoma:
Wakuu, habari zenu. Jumapili nilimpa shemeji wa Kibaigwa njiwa dume, yule mwenye doa jeupe shingoni. Alisafiri kwenye boksi lililofungwa kamba, njia hakuiona hata kidogo. Jana watoto wa shemeji wameacha banda wazi, saa kumi jioni namkuta juu ya bati langu, na uzi mwekundu mguuni! Nimefurahi mpaka machozi. Amewezaje?

Mwalimu wa sayansi:
Ndugu yangu, hutumia jua kama dira, na pia huhisi usumaku wa dunia. Mwaka 1971 William Keeton wa Marekani alieleza jinsi njiwa waliofungwa sumaku mgongoni walivyopotea siku za mawingu; jua likiwaka, walifika. Akikaribia nyumbani hufuata barabara na vilima anavyovijua. Wako nadhani aliuona mlima Mlimwa.

Mama wa Mpwapwa:
Punda wetu naye aliuzwa kijiji cha pili, alfajiri tukamkuta mlangoni.

Mfuga njiwa:
Asante sana mwalimu, jana jua lilikuwa kali kweli. Shemeji nitampa makinda ambayo hayajaanza kuruka, yazoee kwake. Huyu simtoi tena.