Dalali anayezijua nyumba za zamani Mji Mkongwe, yupo kweli?

Mwana_wa_Funguni
Wakuu habari za saa hizi. Natafuta nyumba ya kununua Mji Mkongwe. Mie Mzanzibari ila kazi zangu zote zipo Dar kwa hiyo uenyeji ushapungua. Sitaki gofu, nataka nyumba ya kuishi na familia, Kiponda, Malindi au Mkunazini huko, Shangani tumewaachia wenye mahoteli. Shida yangu madalali. Ukimpigia tu jambo la kwanza "bosi ukiwa juu unaona bahari, hii unapangisha wazungu", ukimuuliza boriti zikoje anakwambia zipo. Zipo! Mwengine kanipeleka nyumba ina rangi mbichi kuta zote na dari ya jipsam, eti ishakarabatiwa naingia na begi langu tu, nikamuuliza juu ya hiyo jipsam kuna nini akanitizama kama nimemuuliza siri za mkewe. Sasa nyie mliokwishanunua, dalali anayezielewa nyumba za mawe mnamjuaje? Au niachane nao nitafute mwenyewe?

FundiChokaa
Hiyo jipsam umeiuliza pahala penyewe. Nyumba zetu kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa na udongo, dari ni boriti za mkoko, na boriti haiozi katikati, inaozea kichwani pale inapoingia ukutani kwa sababu ukuta ndo unabeba maji. Ukifunika na jipsam huoni kitu mpaka siku inashuka. Dalali anayejua kazi atakupeleka mwenyewe kwenye chumba kibaya, atakwambia hapa juu pana choo kiliongezwa miaka ya karibuni, kimemwagwa zege, bomba linavuja, boriti mbili zinataka kubadilishwa. Mwengine atakuonesha mlango wa kuchonga na roshani tu.

Jengine muulize kuta zimepigwa plasta ya nini. Akisema "saruji, imara kabisa" huyo muage. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu toka chini na lazima upumue, chokaa inauachia unatoka, saruji inaufunga ndani, chumvi inasukuma, plasta inavimba inabanduka vipande vipande na wewe kila mwaka unanunua rangi. Usawa wa kiuno kwenda chini pitisha kiganja, kama rangi inabaki mkononi unga unga au unasikia patupu ukigonga, ushajua.

BiKajificheni
Fundi kasema ya ukuta, mie niseme ya karatasi maana huko ndo watu wanalia. Mwanangu Mji Mkongwe "nyumba inauzwa" ina maana nyingi. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, mpaka leo ziko zilizo chini ya Shirika la Nyumba, ziko za wakf chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na ziko za watu. Sasa aliyepanga nyumba ya serikali au ya wakf anataka kuhama, anamtafuta dalali, dalali anatangaza "nyumba inauzwa bei poa" kumbe kinachouzwa ni kilemba, yaani unamlipa mpangaji akupishe na wewe ndo unakuwa mpangaji. Ukija kutaka kuirithisha watoto huna cha kurithisha. Bei ikiwa chini mno muulize dalali waziwazi, naingia mwenye nyumba au naingia kwa kilemba? Akianza kuzunguka nyanyuka.

Na hizo za watu nazo zina mirathi. Babu kafa, watoto wapo Muscat, wengine Dubai, mmoja London, aliyebaki hapa ndo anayeuza. Sisi jirani yetu alinunua kwa mrithi mmoja, akatia mabati mapya na kila kitu, ndo wakajitokeza wengine toka Arabuni na kesi haijesha. Dalali mzuri kabla hajakuonesha nyumba anakwambia warithi wangapi, wako wapi, nani ana wakala wa kusaini. Nenda na kwa sheha, yule kiongozi wa mtaa, sheha anajua nani mtoto wa nani.

KibokoniBoy
Huku Mombasa Mji wa Kale ni yayo hayo na zaidi, sisi tuna nyumba bila ardhi. Unanunua kuta na paa, kiwanja ni cha mtu mwengine au cha wakf na unalipa kodi ya ardhi, tena mabroka wengi hata hawakwambii. Wakala wa nyumba Kenya kisheria yatakiwa awe amesajiliwa na bodi, lakini mabroka wa barazani nani amewasajili. Mimi ushauri wangu, broka akulete mlangoni, wakili na fundi ni wako wewe usikubali akutafutie yeye.

Dalali_Mstaarabu
Jamani msitupige wote, mie kazi yangu hii hii na Mji Mkongwe ndo nyumbani. Tatizo ni malipo. Dalali wa asilimia anajulikana, anayekula cha juu ndo wa kumuogopa, mwenye nyumba kasema 200 yeye anakwambia 260, huyo hawezi kukwambia boriti imeoza hata siku moja maana ukikimbia kakosa 60 zake. Kabla ya kutembea hata hatua moja kubalianeni asilimia kwa maandishi na umuone mwenye nyumba kwa macho yako akutajie bei yeye. Dalali akikataa usionane na mwenye nyumba basi hapo pana cha juu.

Kingine kinachowapata wanunuzi, wanakuja na ramani zao toka Dar, wanataka kuvunja ukuta wapate sebule kubwa. Haivunjwi! Chumba kina upana ule kwa sababu boriti ya mkoko haifiki hata mita 3 au ikizidi ni kidogo tu, ule ukuta ndo umeshika ghorofa ya juu. Na kubadilisha chochote, hata dirisha, lazima kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, mji huu uko UNESCO tangu 2000. Mimi mteja akija na habari ya ukuta namwambia tena palepale, wengine wananuna, nimeshapoteza biashara.

Mwana_wa_Funguni
Ahsanteni sana, Bi Kajificheni hilo la kilemba limenishtua maana ile ya Malindi bei yake ilikuwa chini hivyo hivyo. Dalali_Mstaarabu nitakufuata PM. Fundi, mlango je? Niliona nyumba moja fremu ipo mlango hakuna.

FundiChokaa
Washauuza huo. Unapokubaliana bei piga picha mlango, makabati ya ukutani, ngazi, kila kitu cha mbao, na viandikwe kwenye mkataba kimoja kimoja, usije kukabidhiwa mlango wa mninga mpya wa juzi. Na ukaguzi njoo masika, Machi mpaka Mei, mvua ikiwa inanyesha hasa. Ukija kiangazi kila nyumba nzuri. Panda mpaka juu kabisa, tizama maji ya paa yanaenda wapi, mara nyingi yanamwagikia ukuta wa jirani na ugomvi nao unaununua. Uje na tochi na bisibisi ndefu ya kuchomea vichwa vya boriti.