Bakteria wa udongo wa Antaktika wanakula nini?

Swali: Wakuu, mabonde makavu ya McMurdo kule Antaktika hayana mti wala nyasi, baridi kali, mvua hainyeshi, halafu nasikia udongo wake una bakteria wa aina kibao, wanaishije?

Jibu: Ni kweli mkuu. Kuna sayanobakteria wanaotumia jua, hao wanaamka kiangazi barafu ikiyeyuka. Ila wanaonishangaza mimi ni wanaokula hewa, 2017 watafiti walichapisha kwamba udongo wa Antaktika Mashariki una bakteria wanaovuta haidrojeni na kaboni monoksaidi toka angani wakapata nguvu humo humo, hata pasipo jua!

Jibu: Wengine wako ndani ya mawe kabisa, mwanga kidogo unapenya na upepo hauwafikii.

Muulizaji: Duh, asanteni sana. Kwa hiyo hata Mirihi inawezekana?

Jibu: Ndo maana wanaotafuta uhai huko wanayachunguza sana hayo mabonde.