Modemu ibaki sebuleni ilipoingilia kebo au niihamishe? Wenye uzoefu njooni

pembe_ya_mwisho
Wakuu habari za saa hizi. Nyumba yangu ni ya chini, vyumba vitatu, kuta za tofali, linta na nguzo zina nondo. Siku naunganishiwa faiba sikuwepo, fundi akatoboa pembeni ya dirisha la sebule akaiweka modemu nyuma ya tivii akaondoka zake. Sebuleni mambo safi, spidi yote naipata, ila chumba cha mwisho ndo nafanyia kazi na huko ni kuzunguka tu, nikifunga mlango kwenye mkutano wa video wenzangu wanabaki na picha yangu imeganda mdomo wazi. Nimewaza njia tatu:

1. iendelee kukaa sebuleni ila niitoe nyuma ya tivii niipandishe juu
2. nihamishe kebo ya faiba yenyewe hadi koridoni katikati ya nyumba
3. modemu ibaki, nivute waya wa mtandao kama mita 14 kupitia darini, kule mwisho niweke rauta nyingine

Aliyewahi kufanya mojawapo aniambie kabla sijaanza kutoboa kuta.

nusu_wati
Anza na namba 1 maana ni kunyanyua tu. Nyuma ya tivii ni pabaya, tivii nyingi zina bamba la chuma mgongoni, yani umeiwekea modemu ukuta wa chuma halafu unailaumu. Ipandishe juu ya usawa wa kichwa, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la samaki kama unalo, maji yanameza mawimbi vibaya. Antena zisimamishe wima, mawimbi yanatoka ubavuni, chukulia tairi limelazwa chini na antena ndo ekseli, kule juu kabisa na chini kabisa ya antena yanafika machache.

Alafu chumba cha mwisho jaribu jina la waifai la gigahezi 2.4 sio la 5. Ile ya 5 ina mbio ila kuta mbili tu imechoka. Ya 2.4 inapenya vizuri zaidi, ubaya wake inagombana na maikrowevu na waifai za majirani.

BiTaratibu
Mie nilifanya namba 2 na nitakwambia ambacho hukiulizi. Waifai kweli ilikaa sawa nyumba nzima, sikatai. Ila koridoni kwangu hakuna soketi, ikabidi ekstensheni ipite juu ya mlango, inaning'inia kama kamba ya nguo. La pili, tivii na kompyuta vilikuwa vinatumia waya kutoka kwenye modemu pale pale sebuleni, modemu ilivyohama vikabaki yatima, nikaanza kuvuta waya KURUDI sebuleni. Kwa hiyo nilikimbia kuvuta waya wa mtandao nikavuta faiba, mwisho wa siku nikavuta vyote viwili 😂

fundi_ngazi
Hiyo namba 2 usiifanye mwenyewe kaka. Faiba sio waya wa umeme kwamba ukipungua unaunga kwa tepu, mle ndani ni uzi wa kioo, kuuunga kunataka mashine ya kuuyeyusha na kuugundisha. Na haipendi kona kali. Zile za kawaida za zamani ukizungusha, nusu kipenyo kisishuke chini ya sm 3, za majumbani za siku hizi zinavumilia hadi sm 1 hivi lakini ukiipigia klipu kwa hasira kwenye kona ya mlango mwanga unavuja na hutaona kitu kwa nje, utaona tu taa ya LOS (inayoonya kuwa mwanga haufiki) nyekundu au intaneti inakatika katika.

Konekta za kijani na za bluu usizichanganye hata kama zinaingia, ya kijani uso wake umesagwa mshazari nyuzi 8, ya bluu haina huo mshazari. Na usichungulie ncha ya kebo kuona kama "inawaka", huo mwanga jicho haliuoni ila unaweza kuliumiza. Mtoa huduma ndo ahamishe, muulize kama kuna akiba ya kebo imezungushwa mahali.

mzee_wa_klipu
Namba 3 na sioni mjadala. Modemu ikae inapoingilia kebo, waifai ikae walipo watu, nani kasema ni lazima viwe kwenye kiboksi kimoja?

Waya una madaraja: Cat5e inabeba giga 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat6 inaweza hadi giga 10 kwa kama mita 55. Kwa mita zako 14 chukua yoyote ila iwe shaba tupu, kuna waya wanauza ni alumini imepakwa shaba, kwangua uzi mmoja kwa kisu ukiona weupe ndani rudisha dukani. Darini usiufunge pamoja na waya wa umeme, acha kama sm 20, pakilazimu kukatiza katiza kwa msalaba. Rauta usiiweke darini, joto la chini ya bati litaimaliza, darini waya tu. Toboa tundu la mm 8 upitishe waya ambao hauna konekta, ubane konekta baadae, ukipitisha wenye konekta tayari utatoboa tundu la panya. Kama kuna kipande kinapita nje, tundu liinamie nje na waya uning'inie kidogo kabla haujaingia, maji ya mvua yadondokee pale yasifuate waya hadi ndani.

Na ukishapanda darini vuta waya MBILI. Hutapenda kupanda tena.

kivuli_cha_jioni
Kwani zile za kurudia mawimbi unachomeka tu kwenye soketi hazifai? Mbona mnamtesa mwenzetu na ngazi

nusu_wati
Zinafaa kwa kuangalia meseji. Ile inapokea na kutuma hewani kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo spidi inashuka kama nusu, na watu wengi wanaiweka kwenye chumba chenye shida, yani inarudia mawimbi ambayo tayari ni mabovu. Ukilazimika iweke katikati ya njia.

pembe_ya_mwisho
Asanteni sana. Naelekea namba 3 ila swali, rauta ya pili si itagombana na modemu? Na jina la waifai niweke moja au mawili?

mzee_wa_klipu
Itagombana ukiiacha ijifanye rauta. Ingia kwenye mipangilio uiweke kama eksesi pointi, yani isambaze waifai tu, kama haina hicho kipengele zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani), ipe anwani yake ambayo haifanani na ya modemu, waya uchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) sio lile la WAN (la kupokelea intaneti). Jina na nywila viwe sawasawa, simu itachagua yenyewe ukitembea. Chaneli za 2.4 zitofautishe, moja 1 nyingine 6 au 11, hizo tatu haziingiliani.

pembe_ya_mwisho
Nimerudi wakuu. Namba 1 nilijaribu kwanza kama nilivyoambiwa, modemu iko juu ya kabati, chumba cha mwisho kurasa zikaanza kufunguka ila video bado inasuasua mlango ukifungwa. Jumamosi nikapanda dari, nikavuta waya mbili (mgongo mnauombea?), nikabana konekta, eksesi pointi ikawaka. Sasa shida, kwa waya napima mega 94 na haivuki hapo, wakati sebuleni napata 200 na zaidi.

mzee_wa_klipu
94 ni saini ya konekta mbovu. Waya una nyuzi nane, mega 100 inatumia nne tu, giga inataka zote nane. Kuna uzi haujagusa. Bana upya, na mpangilio wa rangi uwe mmoja pande zote.

pembe_ya_mwisho
Mzee wewe ni mganga 🙌 uzi wa kahawia ulikuwa haujafika mwisho wa konekta, nimekata nikabana tena, 200 na ushee chumbani na mlango nimeufunga.

BiTaratibu
Hongera. Ila umeme ukikatika? Mie modemu na waifai ni kiboksi kimoja, kibetri kimoja kinatosha. Wewe sasa una vitu viwili, kimoja sebuleni kimoja mwisho wa nyumba, kimoja kikizima chumbani huna kitu.

pembe_ya_mwisho
Duh. Hilo sikuliwaza kabisa.

fundi_ngazi
Waya wa mtandao darini si upo? Eksesi pointi ikiwa ni ya kupokea umeme kwa waya wa mtandao, weka betri moja tu sebuleni, umeme wake unasafiri humo humo na data. Angalia nyuma ya kiboksi kama kimeandikwa PoE kabla hujanunua chochote.