gdb inapuuza LD_LIBRARY_PATH ninayoiweka

Swali
Mfumo ni Linux, sheli ni Zsh. Ndani ya gdb (kitatuzi cha programu) naandika `set environment LD_LIBRARY_PATH /opt/jaribio/lib` (kigeu kinachotaja mahali pa kutafuta maktaba), kisha `run`. `show environment LD_LIBRARY_PATH` inaonyesha njia sahihi, lakini programu inapakia maktaba ya zamani. Nikifanya `export` kwenye terminali na kuiendesha bila gdb, inachukua mpya. Tatizo liko wapi?

Jibu
Fungua `~/.zshenv`, bila shaka kuna `export LD_LIBRARY_PATH` humo. gdb haiiti programu moja kwa moja: huanzisha sheli iliyotajwa na `SHELL`, nayo ndiyo hufanya `exec` ya programu (yaani huiachia nafasi yake). Zsh husoma `.zshenv` kila inapoanza, hata ikipewa amri moja tu kwa `-c`, hivyo thamani yako inafutwa njiani. Kwenye terminali sheli ilishaanza zamani, ndiyo maana huko mambo ni shwari.

`show environment` huonyesha kile gdb ilichokabidhi, si kile kilichofika. Kilichofika utakiona hivi:

```
break main
run
print (char *) getenv("LD_LIBRARY_PATH")
```

Jibu
Njia ya mkato ni `set startup-with-shell off` kabla ya `run`. Angalizo: bila sheli, `run < data.txt` haielekezi tena ingizo. Alama `<` na jina la faili vinapewa programu kama hoja za kawaida. `*.txt` nayo haipanuliwi. Ukivihitaji, anza na `SHELL=/bin/sh gdb ./programu`, au tumia:

`set exec-wrapper env LD_LIBRARY_PATH=/opt/jaribio/lib`

Hapo `env` inaitwa baada ya `.zshenv` kusomwa, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho.

Muulizaji
Kweli, mstari upo. Je, Bash nayo ina tabia hii?

Jibu
Ikiitwa na gdb, Bash haigusi `.bashrc`; husoma faili lililotajwa na `BASH_ENV`, kama kigeu hicho kimewekwa. tcsh ndiyo sumbufu, husoma `.tcshrc` daima, au `.cshrc` kama hiyo haipo. Hamishia `export` kwenye `.zprofile` (kwa tcsh, `setenv` iende `.login`), faili zinazosomwa wakati wa kuingia tu. Kagua pia `ulimit` (mipaka ya rasilimali), maana nayo hurithiwa na programu. Na kama `.zshenv` ina `exit 1` mahali fulani, programu haitaanza kabisa. Utaona tu `During startup program exited with code 1.` na utalaumu msimbo wako bure.